Kujiamini katika kudhibiti ulaji baada ya upasuaji wa kupunguza uzito
Ni imani ya mtu kwamba ataweza kujizuia kula kupita kiasi hata vishawishi vikimzonga. Chimbuko lake ni nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura ya mwaka 1977. Dodoso la maswali 20, lililochapishwa mwaka 1991, huipima katika hali tano: huzuni au hasira, chakula kuwa tele, shinikizo la watu, maumivu ya mwili na starehe.

Upasuaji unaoondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula hushusha grelini, homoni ya njaa, hivyo miezi ya mwanzo kujizuia huwa rahisi. Lakini kisu hakigusi huzuni. Hamu ya kula inaporejea, anayekula ili kutuliza moyo ndipo huhitaji zaidi ushauri nasaha, na ni kosa kumwachisha kliniki wakati huo.