Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi Ulitoka Wapi?

Mwanafunzi wa uhandisi Kenya hapangi ratiba yake ya mwaka wa kwanza. Anapewa. Marekani, mwanafunzi hukaa na mshauri wake, akachagua masomo, akasukuma moja hadi semista ya pili, akaongeza hata la muziki akitaka. Huku kwetu ratiba unaikuta kwenye ubao wa idara, au siku hizi kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, na Jumatatu asubuhi unatakiwa uwe umeshaketi ndani ya ukumbi. Lakini kuna mtu aliyeipanga. Tena si mmoja. Waliipanga watu wa miaka tofauti, kila mmoja na shida yake, na wengi wao hawakuwa wahandisi.

Nilianza kuifuatilia historia hii kwa ajili ya binamu yangu wa Gotu, kule Isiolo. Alipata nafasi ya uhandisi wa ujenzi. Gotu huhitaji kumweleza mtu kazi ya mhandisi wa ujenzi: mto Ewaso Ng'iro uko hapo, mwaka huu unafurika, mwaka wa ukame unabaki mchanga, na mvua ikishika barabara, kufika Isiolo mjini ni mtihani. Alienda chuoni akitarajia habari za madaraja. Wiki ya pili akanipigia simu. "Kaka, hii si uhandisi. Ni fomu foo tena. Hesabu, fizikia, kemia, halafu kuchorachora. Nabadilisha kozi." Alikuwa na siku chache tu kabla muda wa kubadilisha haujaisha. Alinipigia mimi kwa sababu niliwahi kuishi na ratiba kama hiyo, hadi mwaka wa pili karo ilipowashinda nyumbani nikatoka.

Nilimwambia asijaze fomu yoyote kwanza. Tukaichukua ratiba yake na kuichimba kama udongo, tabaka kwa tabaka.

Tabaka la chini ni karakana na michoro. Hilo ni la wakoloni. Mwaka 1951 chuo cha ufundi cha Nairobi, Royal Technical College, kilipewa hati ya kifalme, na Aprili 1956 kikapokea wanafunzi wa kwanza. Shabaha ya mwanzo haikuwa shahada pekee. Wengine walikuwa wakiandaliwa kwa vyeti vya juu vya ufundi vya Uingereza, vyeti vya mtu anayejua kushika tupa na kusoma mchoro. Mwaka 1961 kikawa Royal College Nairobi na kuanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambapo kazi ziligawanywa: ukitaka udaktari unaenda Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mwaka 1970 chuo hicho kikavunjwa, na Nairobi ikasimama peke yake. Majina yalibadilika hivyo, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado anabeba rula T na ubao wa kuchorea.

Tabaka la kati ndilo lililomkasirisha binamu yangu, na ndilo nene zaidi. Zamani mtu hakutoka kidato cha nne akaingia chuo kikuu. Alipita kwanza kidato cha tano na sita. Aliyetaka uhandisi alikaa miaka miwili akipigana na hesabu, fizikia na kemia, basi. Akifika chuoni, kalkulasi si mgeni kwake. Mwaka 1981 kamati ya Colin Mackay, Mkanada, ilipendekeza chuo kikuu cha pili pamoja na mfumo mpya wa elimu. Chuo kikaja 1984, ndicho Moi. Mfumo ukaja 1985, ndio 8-4-4. Kidato cha tano na sita vikafutwa.

Sasa, masomo hayafutiki kwa sababu serikali imefuta madarasa. Yale ya miaka miwili ilibidi yaende mahali. Kiasi kilisukumwa chini hadi sekondari, na kilichobaki kikapandishwa hadi chuo kikuu. Mwaka wa masomo wa 1990/91 makundi mawili yaliingia pamoja: la mwisho la kidato cha sita na la kwanza la 8-4-4. Hebu fikiria wahadhiri wenye silabasi moja na wanafunzi wa aina mbili mlangoni. Shahada nyingi zikawa za miaka minne, na uhandisi ukatulia kwenye mitano.

Kwa hiyo binamu yangu hakuwa amekosea. Mwaka wake wa kwanza, kwa sehemu kubwa, ni kidato cha tano na sita kilichohamia Nairobi. Hapo ndipo nilipomwambia: hii si fomu foo tena, hii ni fomu sita ambayo hukuwahi kupewa.

Tabaka la juu ni jembamba. Ni yale masomo ambayo kila mtu chuoni anasoma, mhandisi na mwanasosiolojia pamoja. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na somo la UKIMWI likaingia kwenye ratiba za vyuo. Wanafunzi wengi hulichukulia kama saa ya kulala. Lakini lilikuja wakati familia zilikuwa zinazika, na dola ilitaka kumfikia kila kijana aliyekuwa chuoni.

Kuna jambo jingine ambalo ratiba haionyeshi. Wakati Nairobi inafundisha wahandisi wa Afrika Mashariki nzima, Isiolo ilikuwa ikitawaliwa kwa amri. Wakoloni walikuwa wameifunga kaskazini; hukuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, kisha kanuni za hali ya hatari za 1966, ambazo Isiolo ilikaa chini yake hadi 1991. Mwaka mmoja baada ya ule mwaka wa makundi mawili! Mtoto wa Gotu wa miaka hiyo alihitaji kwanza shule, kisha ile nadra yenye kidato cha sita, kisha utulivu wa kuimaliza. 8-4-4 ililaumiwa sana, na kwa haki, lakini ilimwondolea mlango mmoja uliofungwa.

Baada ya hapo tukapanga kile kinachoweza kupangwa, yaani saa zilizo nje ya ratiba. Hesabu ipewe asubuhi za Jumamosi, kwa kuwa ya mwaka wa pili imesimama juu yake. Fizikia na kemia alizisoma vizuri sekondari, azipe muda wa kawaida. Michoro iwe kila jioni, hata nusu saa, kwa sababu shule yake haikuwa na somo la uchoraji, na darasani kuna watu walioshika rula T tangu kidato cha kwanza. Hakubadilisha kozi. Alinunua rula T ya mitumba kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Huenda akawa kati ya wa mwisho kuisoma ratiba hii. Januari 2026 kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi ya 10. Sekondari ya juu ni miaka mitatu, mwanafunzi anachagua mkondo mapema, na mfumo wenyewe unataja miaka mitatu ya chuo. Kundi hilo litabisha hodi vyuoni 2029. Kidato cha sita kilichopandishwa 1990 sasa kinarudishwa chini, na safari hii kinatua kwenye shule za kaunti. Kwa hiyo swali la ratiba limehama kutoka Nairobi. Liko Merti na Garba Tulla, kwenye maabara ya fizikia: kama ipo, kama ina vifaa, na kama mwalimu wake amefika.