Neno Moja, Kazi Mbili

Wengi wajifunzao Kiingereza hushangaa kuona kwamba neno "love" ni jina mahali hapa na kitendo mahali pale. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 1066 Waingereza waliuita upendo "lufu", na kupenda "lufian". Mwisho wa neno ulionyesha aina yake, kama sisi tutambuavyo "upendo" na "kupenda" kwa mwanzo wake.

Lakini miisho ile ilikuwa imekwisha anza kufifia vinywani mwa watu. Tena Wanormandi walipoitwaa nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu, na waandishi wa kuushika mtindo wa kale wakapungua. Kufika mwaka 1500 miisho mingi ilikuwa imetoweka, na maneno mawili yakawa moja.

Basi, msomaji, akaririye orodha ya maneno peke yake atapotea. Usiliulize neno la Kiingereza, "Wewe u nani?" Liulize, "Hapa wafanya kazi gani?" "Love" likitanguliwa na "my" ni jina, likitanguliwa na "I" ni kitendo. Miisho imekufa, mahali pa neno ndipo panaposema badala yake.