Nyumba ya majani inaanzia shambani

Leo siongei juu ya mbolea wala ugonjwa wa mihogo. Nataka tuongee juu ya nyumba za zamani, lakini mutaona mwishoni tutarudia shambani tu.

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu kijijini, huku Bushi. Nilimuomba babu anionyeshe nyumba ya muviringo, ile ya miti na majani, kama ile alizaliwa ndani. Alicheka. "Mujukuu wangu, ya mwisho ilianguka zamani. Na fundi aliyejua kuiezeka alishakufa." Nikamuuliza kama tunaweza kujenga ingine. Akanyoosha mukono kwenye bonde: "Na majani utatoa wapi?" Nikatazama: mashamba na mikaratusi tu. Sikuwa na jibu, na mimi njo agronome wa familia!

Kuko inchi iliyojiuliza swali hilo mapema: Uswidi. Katika karne ya 19 watu wengi sana huko waliacha vijiji, wengine wakaenda viwandani, wengine wakapanda meli kwenda Marekani. Mwaka 1872, mwalimu mumoja, Artur Hazelius, alitembea jimbo la Dalarna akaona mavazi, vyombo na desturi za wakulima vinapotea mbele ya macho yake. Akaanza kununua na kukusanya, na mwaka 1873 akafungua makumbusho yake Stockholm. Lakini kijiko ndani ya kabati ya kioo hakikuonyeshi namna familia ilivyolala, ilivyopika, ilivyopita baridi. Mwaka 1885 akanunua nyumba nzima ya magogo kutoka Mora. Na mwaka 1891 akafungua Skansen, makumbusho ya uwanja wazi, juu ya kilima mulemule Stockholm. Leo iko na majengo karibu 150 yaliyotoka pande zote za inchi. Jina lake limekuwa kubwa mpaka Wapolandi wanaita makumbusho yoyote ya namna hiyo "skansen".

Nyumba inahamaje? Ya magogo inafunguliwa kama kitanda. Kila gogo linapewa namba, linabebwa, kisha linarudishwa mahali pake kwa utaratibu uleule. Gogo lililooza linabadilishwa na mbao ya muti wa namna ileile, iliyochongwa kwa shoka kama zamani. Hapo njo kazi inakuwa ngumu: ukibadilisha sana, utajuaje kama nyumba bado ni ile? Kwa hiyo makumbusho ya kweli inamuambia mugeni wazi: hii tuliihamisha, hii tuliitengeneza, hii tuliijenga upya kwa mufano wa ile iliyokufa. Kuficha hilo ni kudanganya historia.

Kitu kilichonifurahisha mimi ni kwamba Skansen haikuishia kwenye kuta. Kuko ng'ombe, mbuzi na kondoo wa mbegu za zamani, na bustani pia. Nyumba ya mukulima bila mifugo wala bustani ni sanduku tupu.

Lakini sisi Wakongo tuko na sababu ya kuogopa neno hili "kijiji cha maonyesho". Mwaka 1897, wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels, watu wa mufalme Léopold II walijenga vijiji vya Kikongo ndani ya bustani ya Tervuren, wakaleta Wakongo 267 kuonyeshwa. Saba walikufa huko, na makaburi yao yako mpaka leo pembeni ya kanisa la Tervuren. Mwaka 1958 tena Brussels, kukawa kijiji cha Kikongo, na wageni wakawatukana watu wetu mpaka wakakataa kuendelea, wakarudi nyumbani. Nyumba ya majani ni ileile. Kinachobadilika ni nani anaijenga, na kwa ajili ya macho ya nani. Nyumba ikijengwa kusudi mwenyewe achekwe, hiyo haiko makumbusho.

Majirani wetu walijijengea wenyewe. Kule Nyanza, Rwanda, ikulu ya mufalme ya majani imejengwa upya: nyumba kubwa mbele, na nyuma mbili ndogo, moja ya maziwa, moja ya pombe. Ng'ombe za Inyambo zenye pembe ndefu ziko pale, na wachungaji wanaziimbia. Mufalme Musinga, aliyeweka makao yake Nyanza, Wabelgiji walimuondoa mwaka 1931, na alikufa uhamishoni huku kwetu Kongo. Kwa hiyo historia ile inatugusa pia.

Na Uganda je? Nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi iliungua mwezi wa tatu 2010. Mpaka 2023 njo UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichosaidia ni kwamba kazi ya kuezeka ina wenyewe: ukoo wa Ngeye. Moto ulikula majani, haukula maarifa.

Sisi tuko na shida tofauti. Nyumba zetu haziungui tu, zinasahauliwa. Rafiki yangu aliniambia: "Watu wanatafuta mabati, wewe unataka kuwarudisha kwenye majani?" Hapana, bwana. Mama yangu analala chini ya mabati na ninafurahi. Lakini ndani ya nyumba ile mulikuwa sayansi: muti gani hauliwi na mchwa, majani gani yanakatwa wakati wa kiangazi, kamba inatoka kwenye ganda gani. Hiyo ni agronomie ambayo hakuna profesa alitufundisha.

Skansen ilianza na mutu mumoja aliyetembea na kuuliza. Likizo inakuja. Kila mumoja wetu atafute muzee mumoja, aandike majina ya miti na majani kwa lugha ya kwetu, apige picha, apime mashimo ya nguzo kama bado yanaonekana. Mimi nimeshamuomba babu kona moja ya bonde nipande majani ya kuezekea. Alicheka tena, lakini safari hii aliniuliza nitaanza lini.