Pini ya bodi ikitoa volti pungufu: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Usiku wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo una baridi. Mashine ya kutotolesha vifaranga inatakiwa kubaki karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, hivyo taa ya joto isipowaka usiku, mayai hupotea. Wakati mwingine taa ni nzima, ila pini ya maikrokontrola inayoamuru relei inatoa volti pungufu. Hapa tunaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kwenye bodi ya Arduino Uno, ambayo pini zake hutoa volti 5.

Kabla ya yote, chomoa umeme wa volti 230 unaopita kwenye relei.

1. Pima umeme unaoingia
Weka multimita kwenye volti za DC. Waya mweusi uguse GND, mwekundu uguse 5V. Ukisoma 4.5 au chini yake, kagua chaja, betri ya sola na nyaya. Pini haiwezi kutoa zaidi ya inachopokea.

2. Ondoa relei, upime pini
Hakikisha programu imeiwasha pini hiyo.

Ikirudi karibu na 5, kuna mambo mawili. Huenda programu haina amri ya pinMode yenye OUTPUT. Bila amri hiyo, umeme hupita kwenye rezista ya ndani ya kilo-omu 20 hadi 50, na volti huanguka mara tu unapounganisha kitu. Kama amri ipo, basi mzigo ni mkubwa mno.

Ikibaki chini, angalia kama programu inatumia analogWrite. Amri hiyo huwasha na kuzima pini kwa kasi, na mita husoma wastani: thamani ya 127 huonekana kama volti 2.5. Tumia digitalWrite. Kama si hilo, jaribu pini nyingine. Hiyo ikitoa 5, ya kwanza huenda imeungua.

Wenye ESP32 wasishtuke: pini zake hutoa volti 3.3 tu.

3. Punguza mzigo
Pini ya Uno inafaa kutoa miliampea 20, na 40 ndicho kikomo. Relei ndogo ya volti 5 huvuta kama 70. Ni sawa na mfereji wa bustani moja kufunguliwa kwa mashamba matatu: maji hayafiki popote.

Tumia transista kama 2N2222. Pini iende kwenye besi kupitia rezista ya omu 1,000, emita iende GND, kolekta iende upande mmoja wa koili ya relei. Upande wa pili wa koili uende 5V. Weka diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea 5V, ili kuzuia umeme unaoruka relei inapozimwa.

Ukimaliza, iache mashine ifanye kazi mchana na usiku bila mayai. Joto likitulia, ndipo uyaweke.