Heroe ni Ndege wa Ukoo Gani?

Sisi tukaao Old Moshi tukienda Momela, kwenye maziwa ya magadi yaliyo upande wa Meru, huwaona heroe wamesimama majini, nasi kwa mbali twadhani wote ni wa aina moja. Sivyo. Heroe mkubwa hufika mita 1 na nusu, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Huyu hutafuta wadudu na kamba wadogo matopeni. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu wa giza, naye huchuja mwani ulio juu ya maji. Kwa hiyo hula ziwa moja bila kugombana.

Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden aliandika aina moja tu. Mwaka 1798 Geoffroy Saint-Hilaire, Mfaransa, akampa yule mdogo jina lake. Leo zahesabiwa aina 6: hizi 2 zetu, na 4 za nchi za Amerika.

Lakini ukoo wao uliwasumbua wataalamu zaidi. Miguu ni mirefu kama ya korongo, na vidole vina ngozi kama vya bata. Basi hawa wakanena ni korongo, na hawa wakanena ni bata. Mwaka 1867 Huxley, Mwingereza, akawaweka peke yao katikati. Hata mwaka 2001, wataalamu walipopima asili za damu, wakaona ndugu wa karibu ni kibisi, yule ndege mfupi azamiaye majini! Nani angalidhani?

Msomaji asiseme kwamba kutenga aina hizi ni mchezo wa wasomi tu. Heroe mkubwa huzaa katika nchi nyingi, tangu Hispania hata Bara Hindi. Mdogo sivyo: karibu wote wa Afrika ya Mashariki huangua mahali pamoja, ziwa Natron, magharibi ya Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya. Jambo hili lilithibitika mwaka 1954, Leslie Brown, afisa wa kilimo katika Kenya, alipoviona viota kutoka katika eropleni. Akajaribu kuvifikia kwa miguu, magadi yakamwunguza hata akalazwa hospitali. Magadi hayohayo huwazuia fisi na mbweha wasifike kwenye mayai.

Baadaye ukaja mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya Natron. Watu wengi wakaupinga kwa ajili ya heroe wadogo, na mwaka 2008 kampuni ya Tata ikajitoa.