Nani Aliwaambia Kamera za Filamu Zilikuwa za Pole Pole?

Wasee, kuna stori moja imezoeleka sana mtandaoni: ati kamera za filamu zilikuwa za watu watulivu. Ati wazee walikuwa wanangoja mwanga, wanapiga picha moja safi, wanaenda nyumbani. Ndiyo maana mtu wa miaka 19 akinunua kamera ya zamani leo anasema anataka "kupunguza mwendo". Poa, punguza. Lakini usiseme historia ndiyo imekutuma. Hizo kamera zilitengenezwa na watu wenye haraka ajabu, na ushahidi uko chini ya kamera yenyewe: mota.

Tuanze 1959. Kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani ilitoa Nikon F. Hii ni SLR, yaani kamera ambayo unaona kupitia lenzi ileile inayopiga picha. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo kilichoinama, unapanda hadi kwa jicho lako. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, pazia dogo linafunguka, mwanga unafikia filamu, halafu kioo kinarudi chini. Baada ya hapo unavuta kishikio kwa kidole gumba ndiyo filamu isogee na pazia lijikaze tena. Usipovuta, hakuna picha ingine.

Kwa picha ya familia sebuleni, hiyo si shida. Sasa fikiria Safari Rally, ambayo ilianza huku kwetu 1953. Chukua 1973, mwaka ambao Datsun 240Z ilishinda. Umesimama kando ya barabara ya vumbi, gari hilo linakuja, limepita, limeenda. Halitarudi ati kwa sababu ulikuwa bado unavuta kishikio.

Ndiyo maana Nikon F ilikuwa na mota ya kufungwa chini yake, jina F36. Haikuwa ya kuchomeka tu na kuenda. Fundi alilazimika kuilinganisha na kamera yako. Ilikula betri 8 za AA. Ukiweka alama ya S, unapata picha moja kwa kila bonyezo. Ukiweka C, unashikilia kitufe na kamera inaendelea kupiga yenyewe, karibu picha 3 kwa sekunde. Ulitaka 4? Hapo ilibidi ukifungie kioo juu, na kioo kikiwa juu huoni kitu kupitia lenzi. Yaani walikubali kufunga njia ya jicho ili wapate picha moja zaidi kwa sekunde. Hao ndio tunaita watulivu?

Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36. Piga hesabu: picha 3 kwa sekunde, mkanda umeisha kwa sekunde 12. F36 ilikuwa na kihesabu kinachorudi nyuma hadi sufuri, kisha mota inasimama ili isirarue filamu. Na suluhisho la Nikon halikuwa kuwaambia watu wapunguze mwendo. Walitengeneza mota ingine, F250, yenye mgongo mkubwa wa kubeba filamu ya picha 250.

Haikuishia hapo. Kwa Olimpiki za Los Angeles, 1984, Canon ilileta F-1 maalum ya kupiga picha 14 kwa sekunde. Kioo chake hakikuruka kabisa. Kilipitisha sehemu ya mwanga kwa filamu na kurudisha sehemu ingine kwa jicho, so mpiga picha hakupofuka. Kwa mwendo huo, mkanda wa picha 36 unaisha kabla ya sekunde 3.

Halafu mbio zikaletwa kwa watu wa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 70, Konica FS-1 ilikuja na mota ndani ya bodi. Mwaka 1985 Minolta 7000 ikaweka pamoja mota na kulenga kwa otomatiki. Kishikio cha kidole gumba kikaanza kupotea.

Sasa, najua mtu atasema nyanya yake alikuwa anapiga picha mbili tu kila Krismasi. Kweli. Lakini hiyo ilikuwa bei ya filamu na ya kusafisha picha, haikuwa falsafa. Tukigeuza ukosefu wa pesa kuwa urembo, tunadanganyana.

Pia tunawakosea watu wa kazi. Mohamed Amin alifika mahali Tom Mboya alipopigwa risasi hapa Nairobi, Julai 1969, akanasa tukio. Kazi kama hiyo haingoji mwanga upendeze. Tukipost picha za enzi hizo na kuandika "maisha yalikuwa slow", tunafuta jasho la waliokimbia kuzileta.

Kwa maoni yangu, utulivu wa filamu ulikuwepo, lakini haukuwa kwa kidole. Ulikuwa kwa meza. Mkanda ukishasafishwa, mtu aliketi na kioo cha kukuza, akaangalia picha zote 36 moja baada ya ingine, akaweka alama kwa moja au mbili. Simu yako ilirithi mota: shikilia kitufe na inapiga tatatata. Meza haikurithi. Ndiyo maana una selfi 40 za sherehe moja na hujawahi kuziangalia mara ya pili.

So ukitaka kununua SLR ya mota, nunua. Fungua sehemu ya betri uangalie kutu, sikiliza kama mota inavuta bila kukwama, na ukumbuke kwamba kwa alama ya C unalipia kila mlio. Lakini kama unachotaka ni kuwa makini na picha, huhitaji kununua kitu. Fungua simu leo usiku, chukua hizo 40, baki na mbili. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yao ambayo haikuwa na mota.