Abeokuta: Mji wa Miji Mingi

Mji wa Abeokuta uko kusini-magharibi ya nchi ya Nigeria, kando ya Mto Ogun, nao ni mji mkuu wa Waegba, walio tawi moja la Wayoruba. Maana ya jina lake kwa Kiyoruba ni "chini ya jiwe". Jiwe hilo ni jabali la Olumo, lenye mapango ambamo wakimbizi wa kwanza walijisitiri. Mwenye kuichungua historia ya Abeokuta huona kwamba haukuwa mji mmoja uliokua kidogo kidogo, bali ni miji mingi iliyohamia mahali pamoja pasipo kuyeyuka. Nguvu zake na misukosuko yake asili yake ni hiyo moja.

Zamani Waegba walikaa mwituni katika miji midogo midogo, chini ya dola ya Oyo, mpaka Lisabi alipowaongoza kujikomboa mwishoni mwa karne ya 18. Baada ya mji wa Owu kubomolewa katika miaka ya 1820, vita vilienea na miji ya Waegba ikaharibiwa mmoja baada ya mwingine. Mnamo mwaka 1830 Sodeke aliwaongoza waliosalia hadi Olumo. Kila kundi lilikuja na jina lake, wakuu wake na baraza lake la wazee, likajenga mtaa wake. Ndiyo maana majina ya miji iliyoangamia, kama Kemta, Ijemo na Itoko, yangali hai hadi leo, yakiwa majina ya mitaa. Waowu nao walipokewa baadaye. Hivyo zikawapo sehemu nne, yaani Ake, Oke-Ona, Gbagura na Owu, na kila moja ina mfalme wake hata sasa.

Utawala uligawanywa kwa desturi. Wazee wa Ogboni waliamua mashauri, Ologun waliangalia vita, na Parakoyi walisimamia biashara. Mfalme wa Ake, aitwaye Alake, hakutawazwa katika mji huo mpya mpaka mwaka 1854, na hata hapo hakuweza kutenda neno kubwa bila ya Ogboni. Wanawake nao walikuwa na msemaji wao, Iyalode. Mwaka 1864 cheo hicho alipewa Tinubu, mfanyi biashara tajiri aliyewapatia wapiganaji silaha. Jeshi la Dahomey liliushambulia mji mwaka 1851, na tena mwaka 1864, likarudishwa nyuma mara zote mbili. Wingi wa mabaraza, basi, haukuwazuia watu kusimama pamoja ukutani.

Katika mji huo wa watu waliochanganyika, Kiyoruba cha maandishi kilipata makao. Watu waliookolewa katika merikebu za watumwa na kupelekwa Sierra Leone walianza kurejea mwishoni mwa miaka ya 1830. Mmoja wao, Samuel Ajayi Crowther, aliyetekwa mwaka 1821, alifika mwaka 1846 pamoja na mmishonari Henry Townsend, akamkuta mama yake angali hai. Crowther alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha msamiati wa Kiyoruba mwaka 1843, kisha akawa mkuu wa kazi ya kutafsiri Biblia. Mwaka 1859 Townsend alianzisha gazeti la Iwe Irohin, lililoandikwa kwa Kiyoruba. Lugha hiyo ya vitabu msingi wake ni lahaja ya Oyo, ila ilipokea mambo ya lahaja nyingine pia.

Mwaka 1893 Waingereza walifanya mkataba na kuukubali uhuru wa Waegba. Uhuru huo ukafutwa mwaka 1914, baada ya askari kuwaua watu wa Ijemo. Tangu hapo Alake alipewa mamlaka ambayo kwa desturi hayakuwa yake peke yake. Mwaka 1918 ikaletwa kodi ya kichwa, wanawake nao wakatozwa, na mwaka huo huo Waegba wakaasi katika Vita vya Adubi. Mashauri ya kodi yalipozidi, Iyalode hakuwa na kiti barazani. Mwaka 1947 maelfu ya wanawake, wengi wao wachuuzi wa sokoni, waliongozwa na mwalimu Funmilayo Ransome-Kuti mpaka penye jumba la Alake Ademola wa Pili. Walidai kodi yao iondolewe, nao wawe na wajumbe katika baraza. Januari 1949 Alake alijiuzulu, ingawa alirudi mwishoni mwa mwaka 1950.

Wengi wameyaeleza madai hayo kuwa ni fikira mpya zilizotoka ng'ambo. Lakini mji uliojengwa na mabaraza mengi ulikuwa umeijua tangu zamani kanuni yenyewe: anayebeba mzigo hana budi kusikilizwa. Tangu mwaka 1976 Abeokuta ni makao makuu ya Jimbo la Ogun, na mitaa yake ingali ikiwatawaza wakuu wake kwa majina ya miji iliyoachwa mwituni.